Binti yangu anatimiza miaka saba Novemba. Je, niende kumchukua?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dereva wa semi, nina miaka 34, naishi Dodoma. Nina binti mmoja ambaye mwezi wa Novemba anatimiza miaka saba. Mama yake ni Mluguru wa Morogoro mjini, kazi yake ni ususi. Tuliishi pamoja miaka minne pale Kihonda. Hatukufunga ndoa kanisani wala bomani, ila mahari nilipeleka kwao. Walitaja laki nane, nikatoa laki nne, nyingine tukakubaliana nitamalizia. Sikumalizia. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu tukagombana, na sitaficha, kosa lilikuwa langu, nilikuwa na mwanamke Singida. Akabeba vitu vyake akarudi kwao na mtoto.

Tangu hapo natuma matumizi, elfu sitini kila mwezi, na nikipata zaidi natuma zaidi. Mwaka huu mwenzangu kapata bwana. Tangu Pasaka nikipiga simu naambiwa mtoto kalala, mtoto yuko tuisheni, mtoto kaenda kwa bibi. Haipiti wiki sijapita Msamvu, pale stendi ya Morogoro, na gari, naomba niletewe hata nusu saa nimwone, sababu haziishi. Nikaona basi, kama mtoto simwoni na hela hawaioni. Huu ni mwezi wa tatu sijatuma kitu.

Ndugu zangu wanasema sheria iko wazi: mtoto chini ya miaka saba ni wa mama, akifika saba ni wa baba. Kaka yangu mkubwa ananishauri nisigombane na mtu, nisubiri Novemba, siku hiyo nifike shuleni kwake mchana, nimpakie kwenye gari, jioni tuko Dodoma. Sisi ni Wagogo, kwetu mtoto ni wa baba, na mahari nilitoa. Baba mdogo anaongeza kuwa jina langu limo kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, kwa hiyo hakuna mahakama ya kuninyima. Huku wajomba wa mtoto wanasema nusu mahari hainipi mtoto, na hata ningemaliza yote, kwao mtoto ni wa ukoo wa mama.

Nimeshaoa, na mke wangu hana tatizo na hili. Mtoto atakaa kwa mama yangu mzazi kwa sababu mimi muda mwingi niko barabarani. Nimemnunulia baiskeli, iko ndani kwa mama tangu Juni inamsubiri.

Naomba uniambie: hiyo miaka saba ni kweli? Nikimchukua shuleni nina kosa? Na nina haki ya kuzuia hela mpaka nimwone mwanangu?

Dereva, Dodoma

*

Marahaba mwanangu.

Hiyo saba ya kaka yako naijua vizuri. Kabla sijastaafu nilikaa miaka mingi kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, na wanaume walikuwa wanaingia wakiwa wamehesabu mpaka siku, kama mtu aliyekopesha na sasa tarehe ya kulipwa imefika. Wengine walikuja na begi tupu la nguo za mtoto. Nilikuwa nawaambia wakae kwanza, wanywe maji.

Saba imo kwenye sheria, kaka yako hakuiota. Imo kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125. Tatizo ni kwamba watu wameibeba nusu. Kifungu kinasema mahakama ianze na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri awe na mama yake, na kwamba dhana hiyo inaweza kukanushwa. Basi. Maana yake ni kwamba hata sasa, kabla ya Novemba, baba mwenye ushahidi kwamba mtoto anapata madhara kwa mama anaweza kwenda kuiomba mahakama imkabidhi yeye. Na maana yake nyingine ni kwamba Novemba ikifika, mama anapoteza ile hatua moja ya mbele aliyopewa, na nyinyi wawili mnasimama mstari mmoja. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa siku ya kuzaliwa ya saba mtoto anahamia kwa baba. Hakuna.

Na kifungu hichohicho, sehemu ambayo kaka yako hakufika, kinamtaka hakimu aangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inataja mwendelezo wa malezi katika mambo ambayo mahakama itayapima, pamoja na umri na jinsia ya mtoto, umuhimu wa kuwa na mama yake, na maoni ya mtoto mwenyewe kama ameyatoa bila kushinikizwa. Binti yako amekaa na mama yake tangu ana miaka mitatu. Ana shule, ana marafiki, ana kitanda anachokijua. Yote hayo yataongea mahakamani kabla wewe hujafungua mdomo.

Sasa niseme linalouma. Umeniandikia karatasi nzima, na mpango wako wa malezi una sentensi moja: mtoto atakaa kwa mama yako. Kwa hiyo hushindani na mama wa mtoto kuhusu nani akae naye kati yenu wawili. Unaomba mtoto aondolewe kwa mama yake mzazi aliye hai, mzima, anayemlea, apelekwe kwa bibi, ili wewe uwe unapita. Hakimu atakuuliza nani atamwamsha saa kumi na mbili asubuhi, nani atampikia uji, akipata homa usiku wewe ukiwa Kahama nani atambeba kwenda zahanati. Sisemi bibi hawezi, nchi hii nusu yetu tumelelewa na bibi. Ila bibi hana sababu ya kumshinda mama, labda mama awe amefanya jambo, na katika barua yako sijaona jambo. Kupata bwana si jambo. Wewe mwenyewe umeoa. Huyo bwana angekuwa anampiga mtoto, au kuna lolote baya zaidi unalolishuku, hiyo ingekuwa barua nyingine kabisa na ningekuambia leo hii uende dawati la jinsia na watoto pale polisi. Hujasema hivyo, na usije ukalitunga ili ushinde shauri. Maafisa ustawi huwa wanaongea na mtoto peke yake, na watoto hawajui kushikilia uongo wa watu wazima.

Mimi ningekuwa hakimu, kwa mpango huu, nisingekupa.

Twende kwenye mila, maana hapo nyumba mbili zinavutana. Wewe hujakosea kuhusu Wagogo. Na wajomba hawajakosea kuhusu Waluguru, ukoo kwao unapita kwa mama, sawa na kwa Wakaguru na Wazaramo, na mjomba ana sauti ambayo kwenu hana. Kila upande unasoma kitabu chake. Watu wakisikia "sheria za mila" wanafikiri kuna moja ya nchi nzima, wakati lile Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandikwa kwa kufuata makabila ya ukoo wa baba. Kifungu cha 125 kinamruhusu hakimu kutazama desturi za jamii ya wahusika. Katika shauri lako atatazama desturi zipi, za Dodoma au za milima ya Uluguru? Ataziweka zote mezani, kisha atarudi kwenye jambo ambalo sheria imelipa uzito kuliko yote, ustawi wa mtoto. Hata matakwa ya wazazi yanakuja nyuma ya hilo. Mahari, iwe laki nne au laki nane, haimo kwenye mzani huo. Ulitoa kwa ajili ya mama yake, hukutoa kwa ajili ya mtoto ambaye hata hakuwa amezaliwa. (Nusu iliyobaki zungumza na wakwe zako wa zamani wakati mwingine, si kwenye kikao cha mtoto. Nimeona vikao vizuri vikifia hapo.)

Lakini hukutoa bure kabisa. Kama mliishi pamoja zaidi ya miaka miwili na majirani wakawajua kuwa ni mume na mke, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinawapa dhana ya ndoa, ingawa nayo inaweza kukanushwa. Na cheti chenye jina lako ni ushahidi mzuri. Sheria ya Mtoto imetaja jina kwenye daftari la vizazi, sherehe za kimila alizofanya baba, na kumtambua mtoto hadharani, yote kama ushahidi kwamba wewe ni mzazi. Kwa hiyo hakuna atakayekusumbua na kipimo cha vinasaba. Cheti kinakufungulia mlango uingie kama baba. Ukishaingia, maswali yanaanza upya.

Kuhusu kwenda shuleni mchana na semi. Usiende.

Ngoja nikuambie inavyokuwa. Mwalimu akiwa makini hakupi mtoto, anampigia mama, mnaanza kuvutana getini mbele ya darasa la kwanza zima. Mwalimu akiwa mzembe unampata, na saa nane mama anafika, mtoto hayupo, anakimbilia polisi kuripoti mtoto amepotea. Wewe uko Gairo unakunywa chai, namba za gari zimeshatumwa. Sheria ya Mtoto inakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu mwenye uangalizi halali. Utajitetea kwamba hakuna amri ya mahakama iliyompa mama uangalizi, na pengine polisi watasema hili ni la kifamilia nendeni ustawi. Sawa, hukulala ndani. Lakini tangu siku hiyo, katika kila faili litakaloandikwa kuhusu mtoto huyu, wewe ni yule baba aliyemchomoa mtoto shuleni. Mama akiomba mahakama iweke masharti, uwe unamwona mbele ya mtu mwingine tu, utakuwa umempa hoja mwenyewe. Halafu kuna binti. Alikuwa anakusubiri uje na baiskeli, umekuja umemkimbiza bila kumuaga mama yake. Atakumbuka akiwa na miaka arobaini.

Hela. Hapa sikuungi mkono hata kidogo, na nasema hivi nikijua umekuwa ukituma miaka mitatu bila kushikwa shati na mtu, jambo ambalo wengi hawafanyi. Kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamwekea baba wajibu wa kumtunza mtoto wake, awe anaishi naye au anaishi na mtu mwingine: malazi, mavazi, chakula, elimu, kwa kadiri ya uwezo wake. Hakijaongeza maneno "endapo atapelekewa mtoto Msamvu". Wewe umeifanya elfu sitini kuwa kiingilio cha kumwona mwanao. Mwenzako naye, nahisi, kafanya kumwona mtoto kuwa adhabu ya Singida au kitulizo cha bwana mpya. Wote wawili mnalipana madeni yenu kwa mfuko wa mtoto. Hizo laki moja na elfu themanini ambazo hujatuma hazikupungua kwenye saluni ya mama yake, zilipungua kwenye sare na daftari.

Na ukifika mahakamani ukiwa umesimamisha matunzo, mwenzako ataanza na hilo. Zamani ilikuwa rahisi kwa wanaume, ile sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa ilikuwa imeweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ulikaa humo mpaka shilingi mia ikawa haitoshi hata sabuni. Ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Siku hizi mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao mengine, na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Dereva wa semi akipelekwa kwa hesabu hiyo, sina hakika kama itatoka elfu sitini.

Sasa na mwenzako nimwambie kidogo, maana najua mtamwonyesha. Mwanangu, mtoto kukaa kwako hakukupi haki ya kumfuta baba yake. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 26, inasema wazazi wakitengana mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa kwa mzazi mwingine, ilimradi masomo yasivurugike. Soma vizuri: mtoto ndiye mwenye haki. Kwa hiyo unapomwambia baba yake kwamba kalala wakati anacheza uani, haki unayoificha ni ya binti yako. Kama huyo bwana wako hataki kumsikia baba wa mtoto, hilo mlimalize nyinyi wawili chumbani. Na mahakama inaweza kutoa amri ya baba kumwona mtoto kama inavyotoa amri ya matunzo, ukaipuuza ukajikuta wewe ndiye wa kujieleza.

Dereva, fanya hivi. Tuma hela ya mwezi huu leo, kabla hujamaliza kusoma kama unaweza. Ya miezi iliyopita ilipe kidogo kidogo, na ujumbe wa kila muamala uuhifadhi, usifute. Usiandike chochote kwenye kutuma zaidi ya "matumizi ya mtoto". Wanaume wengi wameshindwa mashauri kwa meseji zao wenyewe za saa saba usiku.

Kisha siku moja ukiwa unapita Morogoro, paki gari mahali salama, uende ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa. Nenda huko anakoishi mtoto, si Dodoma. Uende peke yako, kaka yako mkubwa mwache nyumbani. Mweleze afisa kwamba unataka kumwona mtoto kwa utaratibu, na uanze mwenyewe kusema kwamba ulisimamisha matumizi na umeanza tena. Atamwita mwenzako, mtakaa, na wengi wanakubaliana pale pale. Makubaliano yaandikwe, msaini, kila mtu aondoke na nakala. Usikubali maneno ya jumla kama "baba atakuwa anamwona mtoto". Andikeni Jumamosi ipi, saa ngapi, nani anampeleka na nani anamrudisha, simu ni siku gani jioni. Wewe ratiba yako ni ya barabarani, kwa hiyo iwekwe sentensi kwamba utatoa taarifa siku mbili kabla. Likizo za Juni na Desemba ziandikwe pia, hata wiki mbili kwa bibi Dodoma kuanzia Desemba hii, na tarehe ya kumrudisha iwepo, shule zinafungua Januari. Ukimrudisha tarehe ile ile mara mbili tatu, utashangaa mlango unavyofunguka wenyewe.

Mkishindwana, unapeleka maombi Mahakama ya Watoto. Usitishwe na jina, siyo ya watoto wahalifu tu, mambo ya uangalizi, kumwona mtoto na matunzo yanasikilizwa humo. Inakaa faragha, hakuna wasikilizaji wa kuja kupoteza muda. Mahakama inaweza kumtaka afisa ustawi aandike ripoti, na atafika Kihonda au popote anapoishi mtoto, na atafika kwa mama yako pia. Kama huna wakili, uliza ofisi hiyohiyo ya ustawi ikuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambuliwa rasmi na hawapaswi kukutoza. Kwa wanaosoma hapa ambao wana ndoa na wanataka talaka, yenu inaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, siyo njia hii. Na wa Unguja na Pemba mna Sheria yenu ya Mtoto ya 2011 na Mahakama ya Kadhi, msichukue vifungu vyangu mkaenda navyo huko.

Ukiniuliza uombe nini mahakamani, ningekuambia uombe kumwona mtoto kwa ratiba na likizo, uache kuomba akabidhiwe kwako. Hilo la kwanza una nafasi nzuri sana ya kulipata. Miaka inapita, kazi zinabadilika. Siku ukipata ajira ya kulala nyumbani kila usiku, na binti akiwa na miaka kumi au kumi na mbili akasema mwenyewe anataka kuishi na wewe, amri za uangalizi zinaweza kurudiwa. Zinabadilishwa hali ikibadilika.

Na hiyo baiskeli, mwanangu, kwa nini imefungiwa ndani kwa mama yako? Miguu ya watoto inarefuka. Ipakie kwenye semi safari ijayo, mpigie mama yake mwambie utaishusha Msamvu saa fulani, aje mtu yeyote kuichukua, hata kama si mtoto. Usiulize kama atakuja naye.